Meno, Ulimi na Taya

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wakorintho 12:14-26, Mithali 12:18, Yakobo 3:1-12, Amosi 3:3, Mwanzo 25:29-34, Mhubiri 12:1-5, Wagalatia 5:13-15.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 5:15. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili, kisha ulieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Mtu anapokula sahani moja ya kande, kinywa chake hufunguka na kufunga mara nyingi sana. Kila mara kinapofunga, meno hukutana kwa nguvu. Tabaka la nje la jino ni gumu kuliko mfupa. Hakuna kitu kigumu zaidi yake katika mwili wote wa mwanadamu. Katikati ya meno hayo umo ulimi, nyama laini isiyo na mfupa wala ngao. Hata hivyo, mtu humaliza sahani yake na ulimi ni mzima. Siku akijing'ata hushtuka, kwa sababu si jambo la kawaida.

Mungu aliweka kigumu na laini katika nyumba moja, akavipa kazi moja. Meno hayakuambiwa yawe laini ili ulimi uwe salama, wala ulimi haukuambiwa uwe mgumu ili uweze kujitetea. Kila kimoja kilibaki kama kilivyoumbwa, na vyote hufanya kazi kwa ukaribu mkubwa bila kuumizana.

Mtume Paulo aliyaandikia makanisa ya Galatia kwa uchungu. Watu waliookolewa kwa neema ile ile walikuwa wanagombana, naye akawaonya kwamba wakiendelea kung'atana na kutafunana wataishia kumalizana. Onyo hilo halijapitwa na wakati. Wapo ndugu walioacha kuja kanisani ingawa hawakuwa wamepinga fundisho lolote. Waling'atwa na watu walioketi nao benchi moja. Juma hili tujifunze jinsi kinywa kinavyotafuna, na kanisa linavyoweza kufanya kazi bila kung'atana.

JUMAPILI
Meno 32, Kazi Mbalimbali

Soma 1 Wakorintho 12:14-20. Paulo anasema nini juu ya mwili ambao wote ungekuwa kiungo kimoja?

Mtu mzima mwenye meno yote ana meno 32. Manane ni ya mbele, yenye makali ya kukata. Manne ni chonge, yenye ncha ya kushika na kurarua. Yanayobaki ni magego: manane madogo na kumi na mawili makubwa, yenye uso mpana wa kuponda na kusaga. Mtoto huanza na meno ya utoto 20, na gego lake la kwanza la ukubwani huota akiwa na umri wa miaka sita hivi. Magego ya mwisho huchelewa hadi ujana, na wako watu ambao hawayapati kabisa.

Mwangalie mtu anayekula hindi la kuchoma. Meno ya mbele hung'oa punje kwenye gunzi. Hayawezi kuzisaga, yakijaribu, mtu atakula hindi moja mpaka jua lizame. Punje hupelekwa nyuma kwa magego. Magego nayo yana nguvu kubwa, lakini hayawezi kulifikia gunzi. Ya mbele huonekana kila mtu anapotabasamu. Ya nyuma hufanya kazi nzito, wala hakuna anayeyaona isipokuwa daktari.

Kanisani pia wako watu wa mbele: mhubiri, mwimbaji, kiongozi wa shule ya Sabato. Wako na wa nyuma: shemasi anayefagia ua siku ya Ijumaa, mama anayepika chakula cha wageni, mhazini anayekesha na hesabu za zaka na sadaka. Ugomvi huanza pale wa mbele wanapofikiri kwamba wanaoonekana ndio wanaofanya kazi, au wa nyuma wanapoanza kuwaonea wivu walio mbele. Katika 1 Wakorintho 12:18 Paulo anakata mzizi wa mambo yote mawili: ni Mungu aliyevipanga viungo, naye alivipanga kama alivyopenda.

Wahenga walisema, meno ya mbwa hayaumani. Mbwa ni mkali kwa mgeni, lakini meno yake yenyewe hayapigani. Kama mnyama amepewa amani hiyo katika kinywa chake, watu wa Mungu wapaswa kutazamiwa zaidi.

Katika kanisa lako, ni nani anayefanya kazi ya gego bila kuonekana? Utafanya nini juma hili ili ajue kwamba kazi yake imethaminiwa?

JUMATATU
Mtumishi Asiye na Mfupa

Soma Yakobo 3:1-12 na Mithali 12:18. Ulimi unaweza kufanya mema gani, na mabaya gani?

Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya kutafuna ni ya meno peke yake. Kwa kweli meno hayawezi kushika chakula. Kila yanaposaga, chakula huteleza, kingine kikaingia upande wa shavu, kingine upande wa ndani. Ndipo ulimi husukuma kutoka ndani na shavu likasukuma kutoka nje, chakula kikarudi juu ya magego. Meno yanapokaribia kukutana, ulimi huwa umekwisha kujiondoa. Kisha huingia tena. Hivyo huendelea, mara kwa mara, bila mtu kuamuru. Sehemu ya chini ya ubongo huongoza mwendo huo wote, kama kiongozi wa kwaya anayewaonyesha waimbaji lini waingie na lini wanyamaze.

Ulimi pia ni mlinzi. Huutambua mwiba wa samaki uliofichika katika tonge, huutambua unywele mmoja. Huvitafuta, huvitenga na kuvileta mbele ili vitolewe. Mwishowe hukusanya chakula kilichosagwa, hukifanya tonge laini na kukisukuma kooni. Haubaki na kitu. Chakula chote ulichokigeuza na kukikusanya unakitoa kwa ajili ya mwili.

Kiungo hicho hicho ndicho Yakobo anakiita moto. Anashangaa kwamba kinywa kinachomsifu Mungu ndicho kinachowalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Kweli ulimi hauna mfupa: huweza kugeukia upande wowote. Unaweza kuutafuta mwiba ili ndugu asidhurike, na unaweza kuutafuta mwiba katika maisha ya ndugu ili uwaonyeshe majirani.

Tofauti kati ya kuonya na kusengenya iko hapo. Anayeonya humwendea ndugu faraghani, kama Yesu alivyofundisha katika Mathayo 18:15, na nia yake ni kuutoa mwiba. Msengenyaji ameuona mwiba ule ule, lakini anaupitisha nyumba kwa nyumba. Mithali 12:18 inaweka njia mbili mbele yetu: maneno yanayochoma kama upanga, na ulimi unaoponya.

Kumbuka neno moja ulilosema juu ya mtu asiyekuwapo. Kama angekuwapo, je, ungelisema vile vile? Unaweza kufanya nini sasa kurekebisha?

JUMANNE
Taya Moja, Maungo Mawili

Soma Amosi 3:3 na Waefeso 4:1-3, 19. Umoja hudumishwa kwa njia gani? Na ni hatari gani inayotajwa katika fungu la 19?

Weka ncha za vidole mbele ya masikio yako yote mawili, kisha fungua kinywa na kukifunga. Utasikia maungo mawili yakienda pamoja. Taya la chini ni mfupa mmoja unaoshikana na fuvu kushoto na kulia. Upande mmoja hauwezi kwenda bila mwingine. Jozi nne za misuli hulivuta juu, chini, mbele na pembeni, na mwendo wa pembeni ndio unaosaga. Ungo moja likiwa na maumivu, kinywa chote hutaabika, hata kama lile la pili ni zima.

Katika jiwe la kusagia la nyakati za Biblia, jiwe la chini lilitulia na la juu likazungushwa. Torati ilikataza kulichukua hata lile la juu peke yake kuwa rehani, kwa sababu bila hilo nyumba isingepata unga (Kumbukumbu la Torati 24:6). Katika kinywa ni kinyume. Taya la juu limeshikamana na fuvu na halitembei. La chini ndilo linalofanya mwendo wote. Hata hivyo la chini haliwezi kusaga bila la juu kutulia mahali pake, wala la juu halisagi kitu bila la chini kulifuata.

Fikiria kanisa ambalo mzee wa kwanza na kiongozi wa mashemasi hawasalimiani. Kila mmoja anaweza kuwa mwaminifu katika kazi yake, lakini baraza halisagi kitu. Mipango huletwa ikiwa mizima na huondoka ikiwa mizima.

Kuna jambo lingine la kustaajabisha. Mtu anakula wali, akakanyaga kokoto kwa meno. Kabla hajafikiri neno, taya limekwisha kusimama. Kila jino limeshikwa katika mfupa kwa nyuzi ndogo zenye mishipa ya fahamu inayopima uzito wa kila mng'ato. Ujumbe hufika haraka na nguvu hukatwa. Bila hisia hiyo, nguvu za taya zingevunja meno yake yenyewe.

Ndiyo sababu mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno huambiwa asile mpaka ganzi iishe. Meno yake ni yale yale, na taya ni lile lile. Kilichopotea ni hisia tu, naye anaweza kuung'ata ulimi au shavu bila kujua mpaka aone damu. Waefeso 4:19 inasema juu ya mioyo iliyokufa ganzi. Kanisa lisilosikia tena maumivu ya mshiriki wake linaweza kumjeruhi huku likiendelea kuimba.

Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba moyo wa mtu, au wa baraza, umeanza kufa ganzi?

JUMATANO
Haraka ya Esau

Soma Mwanzo 25:29-34. Ni mambo gani katika habari hii yanaonyesha haraka ya Esau?

Kutafuna huhitaji mate. Jozi tatu za tezi kubwa, pamoja na nyingine nyingi ndogo, hutoa kiasi cha lita 0.5 hadi 1.5 za mate kwa siku. Mate hulainisha chakula, huyaosha meno, na yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga kuwa sukari. Jambo hili laweza kujaribiwa mezani. Tafuna kipande cha ugali mtupu au cha muhogo wa kuchemsha bila kukimeza upesi. Baada ya muda kitaanza kuwa kitamu. Utamu huo haumfikii anayebugia.

Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, alishauri kwamba chakula kiliwe polepole na kutafunwa vizuri ili kichanganyike na mate. Aliongeza kwamba mwenye wasiwasi au haraka ni heri asubiri kwanza mpaka apate utulivu. Shauri hili ni sehemu ya kuutunza mwili ulio hekalu la Roho Mtakatifu. Tumbo halina meno. Kinachoachwa na kinywa bila kusagwa hulitaabisha.

Esau alirudi kutoka nyikani amechoka. Neno la Kiebrania alilotumia kuomba chakula lina maana ya kubugia, na halitumiki mahali pengine popote katika Agano la Kale. Kisha, katika fungu la 34, vitendo vitano vinafuatana bila pumziko: alikula, alikunywa, aliinuka, akaenda, akaudharau urithi wake. Hakuna nafasi ya kutafakari kati ya kimoja na kingine.

Neno la Mungu nalo hubugiwa hivyo. Mtu husoma somo la juma zima Sabato asubuhi akiwa njiani. Husikia nusu ya habari ya ndugu yake na kuimeza, kisha huipeleka mbele ikiwa bado mbichi. Habari isiyotafunwa ndiyo inayochafua tumbo la kanisa. Zaburi 1:2 inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni lile linalotumika katika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Simba huyo haachi chakula chake upesi.

Ni fungu gani la Biblia ambalo umelitafuna muda mrefu mpaka ukauonja utamu wake?

ALHAMISI
Pengo

Soma Mhubiri 12:1-5 na 1 Wakorintho 12:21-26. Mhubiri anauelezaje uzee? Mwili unapaswa kukitendeaje kiungo kilicho dhaifu?

Mhubiri anauchora mwili wa mzee kama nyumba. Wasagaji wake wanaacha kazi kwa sababu wamebaki wachache. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaelewa kwamba wasagaji hao ni meno.

Jino haling'oki kwa siku moja. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hulila tabaka la nje kidogo kidogo. Tabaka hilo likishatoboka halioti tena. Kwa hiyo kupiga mswaki, kupunguza sukari, na kumwona daktari wa meno kabla ya maumivu ni uwakili, si mapambo.

Jino moja likitoka, mambo hayaishii hapo. Meno ya jirani huanza kuinamia pengo. Jino la upande wa pili, lililokuwa likikutana nalo, hukosa mwenzake wa kusukumana naye, likaanza kutoka nje ya safu yake. Mfupa uliolishika hupungua. Mtu hujizoeza kutafunia upande mmoja, na upande huo nao huchoka. Pengo moja hubadili kinywa chote.

Ndivyo inavyokuwa ndugu mmoja anapoacha kuja. Washiriki huzoea. Kiti chake huketiwa na mwingine, jina lake huitwa katika orodha bila kuitikiwa, na baadaye haliitwi tena. Lakini mke wake ameinama. Rafiki aliyekuwa akimtia moyo amekosa wa kuzungumza naye. Kijana aliyemtazama kama baba anayumba. Waswahili husema, jino la pembe si dawa ya pengo. Kumpa mtu mwingine kazi ya yule aliyeondoka ni jambo jema, lakini hakumrudishi.

Kinywa hakiwezi kuliotesha tena jino la mtu mzima. Hapo mfano wa mwili unafika mwisho wake, na habari njema inaanza. Yule mchungaji wa Luka 15 hakuzoea kuwa na kondoo tisini na tisa. Aliliona pengo, akatoka kulitafuta. Na wazee wasioweza tena kutafuna vyakula vigumu hawakuachwa nje ya meza: chakula chao hulainishwa. Kanisa linaloujali mwili wote huwapelekea waliolala kitandani somo la Sabato, meza ya Bwana na uji wa moto.

Ni pengo la nani ambalo kanisa lako limelizoea? Nani atamwendea, na lini?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Wagalatia 5:13-26. Angalia kwamba onyo la kung'atana limetangulizwa na amri ya upendo, na kufuatwa na tunda la Roho. Paulo hakuwaambia Wagalatia wakae mbalimbali ili wasiumizane. Aliwaita watumikiane kwa upendo. Meno yaliyotenganishwa na ulimi hayamng'ati mtu, lakini hayamlishi pia.

Amani ya kinywa haitokani na umbali wala na ulaini wa kila kiungo. Inatokana na mambo matatu: kila kiungo kufanya kazi yake, kila kimoja kumpisha mwenzake kwa wakati, na vyote kusikia maumivu ya kimoja. Mambo hayo matatu hayapatikani kwa maazimio ya baraza tu. Ni Roho wa Mungu anayeuondoa ubaridi wa moyo na kurudisha hisia iliyokufa. Ganzi inapoisha, kwanza mtu husikia maumivu. Mshiriki anayeanza kuumia kwa sababu ya maneno aliyoyasema zamani asikate tamaa; ni dalili kwamba anapona.

Yesu mwenyewe, aliposhtakiwa kwa uongo, alinyamaza. Ulimi ulioziumba mbingu kwa neno haukuwajibu waliomng'ata. Na alipofungua kinywa chake msalabani, aliwaombea msamaha. Anayekula katika meza yake hujifunza kutumia kinywa kama yeye.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, kanisa linaweza kusema kweli kali bila kung'ata? Toeni mifano kutoka katika maisha ya Yesu na ya mitume.

2. Ni wakati gani kunyamaza ni hekima, na ni wakati gani kunyamaza ni kukwepa wajibu wa kumwonya ndugu?

3. Katika baraza, nani anapaswa kuanza kupatana pale viongozi wawili wanapokosana: aliyekosa, aliyekosewa, au yule anayewaona wote wawili? Linganisheni Mathayo 5:23-24 na Mathayo 18:15.

4. Desturi ya kula kwa haraka inaathirije afya ya jamaa zetu na mazungumzo yao mezani? Ni badiliko gani dogo linaloweza kuanza katika nyumba zenu Sabato hii?

5. Kabla ya kufunga darasa, tajeni washiriki wawili wasioonekana tena katika kundi lenu. Waombeeni kwa majina, kisha mchagueni atakayewatembelea kabla ya Sabato ijayo.